Danadana za Dhamana

Tuanze na neno lenyewe, maana hili ni jarida la klabu ya Kiswahili na maneno ndiyo yaliyotukutanisha. Ukimwambia mzazi aliyekulia Mombasa kwamba kompyuta yako iko kwenye dhamana, huenda akashtuka na kuuliza ni nani kakamatwa. Kwake dhamana ni ile inayotolewa mahakamani ili mshtakiwa akalale nyumbani. Mzazi wa Bukavu au Lubumbashi atakuelewa upesi zaidi ukisema garanti, kwa mdomo wa Kifaransa. Dar es Salaam utasikia waranti. Sisi tumechagua dhamana, na baada ya karibu miezi minne ya kufuatilia kifaa kimoja tu, tunaona maana ya mahakamani haiko mbali sana: kifaa kiko ndani, wewe uko nje, na kila ukiuliza unaambiwa njoo kesho.

Kifaa chenyewe pia kina shida ya jina. Vitabu vinasema ubao mama. Tatizo ni wingi wake, mbao mama, ambao unamfanya msikilizaji adhani unauza samani. Mafundi wengi husema madabodi, au bodi tu, nasi tutasema bodi. Ni ile sahani pana ndani ya kompyuta ambayo vitu vingine vyote hupachikwa juu yake: prosesa, vijiti vya kumbukumbu, diski, kadi ya picha. Kipuri kingine kikifa, mara nyingi unakitambua. Bodi ikifa, vyote hunyamaza pamoja, na mwenye kompyuta hubaki akivishuku vyote. Ndiyo maana kurudisha bodi dukani ni kazi kuliko kurudisha pasi au birika. Pasi haipati moto, basi. Bodi lazima kwanza uthibitishe kwamba mgonjwa ni yeye.

Sisi tulioandika makala haya ni wawili, wote wa mwaka wa pili, wote tumezaliwa hapa Brussels. Wazazi wa mmoja walitoka Bukavu, wa mwingine Mombasa. Bodi iliyokufa ilikuwa ya yule wa Bukavu; hapa tutamwita mwenye bodi. Barua tuliandika pamoja.

Mwenye bodi anasoma usanifu majengo. Kiangazi cha 2024 alifanya kazi ya wanafunzi katika ghala la vifurushi, akipanga maboksi usiku, na Septemba akanunua vipuri vya kujiundia kompyuta, kwa sababu programu za kuchora majengo zilikuwa zinaikaba koo kompyuta yake ndogo ya zamani. Bodi peke yake ilimgharimu euro 214. Duka lina kaunta hapa hapa mjini. Jina lake tunaliacha, na la mtengenezaji pia, kwa sababu tulipowauliza wenzetu klabuni tuligundua kwamba hadithi ni ile ile, jina tu linabadilika.

Kwa miezi mitatu mashine ilifanya kazi bila kukohoa. Tarehe 17 Desemba, blocus ikiwa ndiyo kwanza imeanza, akabonyeza kitufe, feni zikazunguka, na kioo kikabaki cheusi. Pembeni mwa nafasi za kumbukumbu kikawaka kitaa cha rangi ya chungwa. Kwa wasomaji walio nje ya Ubelgiji: blocus ni zile wiki za kujifungia kusoma kabla ya mitihani ya Januari. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kufiwa na kompyuta.

Mjomba wake wa Bukavu, fundi wa miaka mingi, alimwongoza kwa video ya WhatsApp. "Usikimbilie bodi, mwanangu," alimwambia. "Bodi inashtakiwa mwisho." Basi akajaribu vijiti vya kumbukumbu kimoja kimoja, katika kila nafasi. Akaazima kisanduku cha umeme kwa jirani wa bwenini. Akaipeleka prosesa kwa rafiki mwenye bodi ya aina hiyo hiyo, na huko ikawaka mara ya kwanza. Mpaka usiku wa tarehe 19 washtakiwa wengine wote walikuwa wameachiwa huru. Mjomba akasema angekuwa karibu angeipuliza kwa hewa ya moto na kuicheki saketi kwa saketi. Lakini kwa bodi ya miezi mitatu yenye dhamana, fundi akiigusa tu umempa muuzaji kisingizio. Alikuwa sahihi.

Tarehe 20 Desemba alifika kaunta na bodi ndani ya boksi lake, risiti mkononi. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, akamwambia kwamba bodi ina dhamana ya mtengenezaji ya miaka 3, kwa hiyo awasiliane na mtengenezaji moja kwa moja, "itakuwa haraka zaidi". Jioni ile akajaza fomu ya mtengenezaji: namba ya mfululizo, picha ya risiti, picha za bodi mbele na nyuma, maelezo ya majaribio yote. Tarehe 30 likaja jibu: kwa wateja wa nchi hii bidhaa hurudishwa kupitia duka ulikonunua. Chini ya jibu palikuwa na swali kama ameridhika na huduma, na nyota tano za kubonyeza.

Hii ndiyo danadana. Mchezaji anapopiga danadana mpira hauendi golini. Unapanda na kushuka tu, kutoka goti hadi kichwa. Duka linakupiga kwa mtengenezaji, mtengenezaji anakurudisha dukani. Kila mmoja ana maneno mazuri, na hakuna aliyekataa chochote, kwa hiyo huna hata la kukatia rufaa.

Tarehe 3 Januari duka likaipokea. Hapo mwenye bodi alifanya mambo mawili ambayo tungependa kila msomaji ayakariri. La kwanza, alipiga video ya soketi ya prosesa palepale kaunta, mbele ya mpokeaji, kwa karibu, kisha akafunika soketi kwa kile kifuniko chake cha plastiki. La pili, alipopewa fomu ya kukubali kwamba isipoonekana kasoro atalipa euro 45 za uchunguzi, alitia sahihi na pembeni akaandika kwa mkono kwamba anahifadhi haki zake zote za kisheria. Kijana wa kaunta alitazama maandishi hayo, akainua mabega, akagonga muhuri. Muda wa kusubiri: wiki 6 hadi 8.

Mradi wake wa muhula ulikuwa wa kuwasilishwa tarehe 24 Januari. Aliuchora kwenye chumba cha kompyuta cha kitivo, ambako ukichelewa asubuhi hupati kiti, na usiku kwa rafiki, wakipokezana. Mradi aliumaliza. Somo moja, la hesabu za miundo, lilianguka, na akalirudia Agosti. Hatuwezi kusema lilianguka kwa sababu ya bodi. Tunasema tu kwamba wiki mbili za kusoma zilikwenda kwenye kugombania kiti.

Tarehe 21 Februari ikaja barua pepe. Kituo cha huduma kimegundua kwamba pini 2 za soketi zimepinda. Kosa la mteja. Dhamana haihusiki. Alipe euro 95 za matengenezo, au achukue bodi yake kama ilivyo na alipe zile 45.

Kwa wasiojua, zamani pini zilikuwa kwenye tumbo la prosesa. Kwenye kompyuta za mezani Intel walizihamishia kwenye bodi mwaka 2004, na AMD wakafuata mwaka 2022 kwa soketi yao yenye pini 1718. Ni nyembamba kiasi kwamba kitambaa cha shati kinatosha kuziharibu. Tangu zilipohama, lawama ya pini iliyopinda imehama nazo: sasa anayepokea kipuri chenye pini ni muuzaji wa bodi, na pini iliyopinda ndiyo sababu rahisi kuliko zote ya kukukatalia. Wapo wateja wanaozipinda kweli, hilo halina ubishi. Lakini kati ya mikono ya mteja na meza ya mkaguzi kuna mikono mingine mingi, na bodi haisemi ni upi.

Kisa maarufu cha aina hii kilitokea Marekani. Steve Burke wa chaneli ya Gamers Nexus, mtu ambaye kazi yake ni kuchambua vipuri vya kompyuta, alinunua bodi ya Gigabyte kutoka duka la mtandaoni la Newegg. Ilikuwa imewahi kurudishwa na mteja mwingine, ikauzwa tena kwa bei pungufu. Akaghairi, akairudisha bila hata kufungua boksi. Newegg wakamkatalia pesa zake: pini zimepinda. Alipotangaza kisa hicho hadharani Februari 2022, pesa zikarudi, na bodi yenyewe akarudishiwa. Juu yake alikuta kibandiko kinachoonyesha kwamba duka lilikuwa limekwisha kuipeleka kwa Gigabyte zamani, likatajiwa dola 100 za kutengeneza pini, na halikulipa. Yaani waliijua kasoro, wakaiuza, kisha wakamdai yeye. Burke ana watazamaji mamilioni. Sisi klabu yetu ina wanachama wanaojaza madarasa mawili, siku ambazo kuna sambusa.

Basi tukaenda kwenye sheria, na hapa ndipo tulipogundua jambo ambalo limetufanya tuandike makala haya. Kuna dhamana mbili, na karibu kila mtu tuliyemuuliza alikuwa anaijua moja tu. Ya kwanza ni ya kibiashara: ile ya mtengenezaji, ambaye anaahidi anachotaka, kwa muda anaotaka, kwa masharti yake. Miaka 3 kwa bodi ni kawaida. Ya pili ni ya kisheria. Hiyo haitoki kwa mtengenezaji hata kidogo. Inamhusu muuzaji, yule aliyechukua pesa zako, na inadumu miaka 2 tangu ulipokabidhiwa bidhaa. Imo katika kifungu cha 1649bis hadi 1649octies cha Kanuni ya zamani ya Sheria za Madai ya Ubelgiji, na ilirekebishwa kwa sheria ya 20 Machi 2022, iliyoanza kutumika 1 Juni 2022, kufuatia agizo la Umoja wa Ulaya namba 2019/771.

Marekebisho hayo ndiyo yenye utamu. Kabla yake, kasoro ikijitokeza baada ya miezi 6, mteja ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ilikuwepo tangu mwanzo. Nani anaweza? Una maabara nyumbani? Tangu Juni 2022, kwa bidhaa mpya, kasoro yoyote ikionekana ndani ya miaka 2 huhesabiwa kwamba ilikuwepo siku ya kununua, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Ulaya iliweka kima cha chini cha mwaka 1, na Ujerumani na Uholanzi zikaishia hapo. Ubelgiji ilikwenda mpaka miaka 2 kamili. Hatuisifu nchi hii kila siku, lakini hapo tunaisifu.

Mengine yamo pia. Matengenezo au kubadilishiwa ni bure, pamoja na usafirishaji, kazi na vifaa. Lazima yafanyike kwa muda wa kuridhisha na bila kumsumbua mteja kupita kiasi. Saa ya ile miaka 2 husimama wakati bidhaa iko matengenezoni. Yakishindikana, mteja anaweza kudai punguzo la bei au kuvunja mkataba na kurudishiwa pesa. Muuzaji akiona ameonewa, sheria inamruhusu kumgeukia aliyemuuzia yeye, hadi kwa mtengenezaji. Huo ni ugomvi wao. Danadana yote tuliyopigwa ilikuwa ni ugomvi wao uliowekwa kwenye mabega yetu.

Tarehe 24 Februari tukaandika. Kwanza kwa Kiswahili. Mtu anaweza kucheka, lakini kulikuwa na sababu: Kifaransa cha barua rasmi kina njia nyingi za kulalamika bila kudai kitu, na sisi sote tumekulia ndani yake. Kwa Kiswahili tulilazimika kusema jambo lenyewe. Nilinunua tarehe hii. Iliharibika tarehe hii. Sheria inasema hivi. Mnasema nilipinda pini. Video ya kaunta ya tarehe 3 Januari inaonyesha hazijapinda, na mpokeaji wenu anaonekana ndani yake. Nataka bodi mpya au pesa zangu ndani ya siku 15. Kisha tukaihamishia kwenye Kifaransa, tukaipeleka posta kama barua ya kusajiliwa, na risiti ya posta tukaibandika ukutani.

Siku 15 zikaisha tarehe 11 Machi. Tulichopata ni ujumbe kwamba hoja yetu "imefikishwa kwa mtengenezaji". Goti, kichwa, goti. Kesho yake tukapeleka malalamiko kwa Service de Médiation pour le Consommateur, ofisi ya usuluhishi kwa watumiaji bidhaa iliyoko Boulevard du Roi Albert II, upande wa Gare du Nord. Ilianza kazi mwaka 2015 na huduma yake ni bure. Sharti lao ni moja la maana: uwe umemlalamikia muuzaji kwanza, na uwe na ushahidi kwamba ulimlalamikia. Hapo ndipo ile risiti ya ukutani ilipofanya kazi.

Tarehe 3 Aprili euro 214 zikaingia benki. Barua pepe ya duka ilikuwa na mistari miwili. Ilisema wamerudisha pesa "kama hisani ya kibiashara".

Neno hilo lilituudhi kuliko wiki zote za kusubiri. Hisani ni ya mtu aliyekuwa na hiari ya kukataa. Unapolipa deni, humfanyii hisani anayekudai. Lakini duka likiita hisani, halijakubali kwamba lilikosea, na mteja anayefuata ataanzia pale pale alipoanzia mwenye bodi. Mwenye bodi alitaka kuwajibu. Mwenzake akamwambia aache, apumzike. Hatujakubaliana mpaka leo.

Sasa tuwazungumzie wazazi, kwa sababu euro 214 za mwanafunzi si jambo kubwa ukilinganisha. Mama wa yule wa Mombasa alinunua mashine ya kufulia mwaka 2021. Baada ya miezi 14 ikakataa kuzunguka. Alikwenda dukani peke yake, na Kifaransa chake cha sokoni, akaambiwa dhamana ya kiwanda ilikuwa ya mwaka 1 na imekwisha. Akashukuru, akaondoka, akanunua nyingine. Alikuwa bado na miezi 10 ya dhamana ya kisheria, ingawa kwa sheria ya wakati ule mzigo wa ushahidi ungekuwa wake. Hakuna aliyemdanganya: dhamana ya kiwanda ilikuwa imekwisha kweli. Walimjibu swali ambalo hakuuliza.

Tulipomsomea barua yetu ya Kiswahili alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwenye kudaiwa ni yule aliyeniuzia?" Ndiyo, Mama. "Si kampuni?" Si kampuni. Akasema huko kwao Mwembe Tayari ungemrudia aliyekuuzia, nani angekwambia uende ukamtafute aliyetengeneza?

Swali zuri, na jibu lake halinyooki. Kenya ina sheria nzuri kwenye karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakutamka. Lakini nenda Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye vibanda vya vifaa vya umeme. Binamu yetu alinunua bodi huko, na kwenye risiti ilikuwa imepigwa chapa kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Chini yake muuzaji akaandika kwa kalamu: wiki 2. Dhamana halisi ilikuwa ile ya kalamu, pamoja na kwamba muuzaji aliiwasha bodi mbele yake kabla ya pesa kubadilishana mikono. Tanzania nako kuna Tume ya Ushindani na Sheria ya Ushindani ya 2003, na huko mtumiaji bidhaa huitwa mlaji. Walimu watatusamehe, lakini kila tukisoma "kumlinda mlaji" tunamwona mtu mezani na sahani ya pilau, ameshikiwa mwavuli.

Bukavu, kwa maelezo ya mjomba, bodi hairudi kwa yeyote. Inakwenda kwa fundi. Nyingi zilizofika huko zilikuwa zimekwisha kuishi maisha ya kwanza Ulaya au Dubai, na mtengenezaji wake, ambaye kwa bodi za kompyuta za mezani mara nyingi ni kampuni ya Taiwan, hana kaunta wala fomu inayokuhusu. Kwa hiyo fundi anajua kubadilisha kapasita, kunyoosha pini kwa sindano na subira, kufufua kitu ambacho kituo cha huduma cha hapa kingekitupa bila kukifungua. Tunaupenda ufundi huo, ila hatutaki kuupamba. Mjomba mwenyewe haupambi. Anasema angefurahi sana kama angeweza kumrudishia mtu kitu kibovu na kudai pesa zake.

Na hapo kuna jambo la kando ambalo hatuwezi kuliruka. Tangu Julai 2006 sheria za Ulaya zimeondoa risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, na lehemu inayoshika vipuri kwenye bodi sasa kwa sehemu kubwa ni bati. Madini ya bati huchimbwa Walikale, Kivu Kaskazini, miongoni mwa sehemu nyingine za dunia. Tangu Januari 2021 kanuni ya Ulaya inawataka waagizaji wakubwa wa bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wachunguze madini yao yametoka wapi. Bodi inaweza kufuatiliwa hadi shimoni. Mteja wa Kivu akitaka kuirudisha, njia hakuna.

Turudi kwenye kaunta zetu. Ukinunua kwa muuzaji wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, wanaosaidia ni kituo cha ECC Belgium, nacho ni bure. Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, kwa bidhaa nyingi. Shirika la Test Achats, lililopo tangu 1957, lina ushauri mzuri lakini ni la wanachama wanaolipa. Masharti ya maduka yakikuelekeza kwenye jukwaa la Ulaya la kusuluhisha migogoro mtandaoni, usihangaike: lilifungwa 20 Julai 2025. Vibandiko vile vya "ukiondoa, dhamana imekufa" visikutishe sana. Hata Marekani, Julai 2024, tume ya biashara ya serikali iliwaandikia ASRock, Zotac na Gigabyte kuwaonya juu ya vibandiko hivyo. Na kuanzia 31 Julai 2026 nchi za Umoja zinatakiwa kutumia agizo jipya la haki ya kutengenezewa, namba 2024/1799. Orodha yake ya vifaa ambavyo mtengenezaji analazimika kuvitengeneza ina friji, mashine za kufulia, simu, tabuleti na hata seva. Bodi ya kompyuta ya kawaida ya mezani haimo. Lakini kuna kifungu chake kinachogusa bidhaa zote: ukichagua kutengenezewa badala ya kubadilishiwa ndani ya dhamana ya kisheria, unaongezewa miezi 12. Mama wa Mombasa tumemwambia hilo, ameliandika kwenye kalenda ya jikoni.

Barua yetu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, iko kwenye kabati la klabu, faili la kijani. Mwanachama wa upande wa Leuven ameahidi kutuletea ya Kiholanzi. Chukua, badilisha tarehe na bidhaa, mpelekee mzazi wako aisome kwanza kwa lugha yake. Kuna sehemu moja ambayo bado haijatutosheleza, na tunaomba walimu watusaidie kabla ya toleo lijalo. Sheria ya Kifaransa ina neno moja kwa kasoro ya bidhaa isiyolingana na kile ulichouziwa. Sisi tumeandika "kasoro ya ulinganifu". Mama anasema hakuna mtu Mombasa anayeongea hivyo, na kwamba Kiswahili chake ni "si kile nilichonunua". Mwenye bodi anaona Mama ana haki. Mwenzake bado anaona jaji hatamwelewa.